Kibarua Bila Barua

Afisa kazi alifungua jalada, akaandika jina la aliyeumia, kisha akaniuliza alianza kazi kwangu tarehe ngapi. Sikujua. Nilikumbuka kwamba ilikuwa wakati wa ile oda kubwa ya madawati, lakini tarehe yenyewe sikuwa nimeiandika popote. Nikamjibu kwamba yule si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu. Nililisema neno hilo kwa uhakika kabisa, kana kwamba linamaliza mjadala.

Nilikuwa na karakana ndogo ya useremala. Mashine mbili, benchi moja la kufanyia kazi, na mikono yangu. Kazi ilipozidi nikamwita kijana mmoja niliyemfahamu tangu anajifunza kushika randa, nikamwomba aje anisaidie siku tatu nne tumalize madawati. Siku tatu nne zikawa miezi 14. Kila Jumamosi jioni nilimhesabia fedha zake mkononi, wala hapakuwa na aliyesaini chochote. Akipungukiwa nilimkopesha, wiki iliyofuata nikakata kiasi nilichoona kinatosha. Kazi ikibana tulikesha. Ikipungua nilimwambia akae nyumbani mpaka nimwite. Nilimpenda kijana yule, bado nampenda, na nilijiona namtendea vyema kuliko nilivyotendewa mimi na mafundi walionifundisha. Kwamba mimi ni mwajiri wake halikunijia akilini hata siku moja. Yeye aliniita kaka, nami nilimwona mdogo wangu.

Siku ya ajali tulikuwa tunapasua mbao za vitanda kwenye msumeno wa mashine. Kinga ya msumeno ule niliivua mwenyewe miezi kadhaa kabla, kwa kuwa ilikuwa inanikwamisha kwenye mbao nene, nikaitundika ukutani nikisema nitairudisha. Sikuirudisha. Ubao ulikuwa na fundo ndani, ukaruka, na mkono wake wa kushoto ukaingia pale ulipokuwa ubao. Alipoteza pingili mbili za kidole cha shahada. Nilimfunga kwa shati langu tukakimbilia hospitali. Pale mapokezi waliuliza nani analipa, nikasema mimi. Wakauliza kama ameumia akiwa kazini, nikasema ndiyo. Wakauliza kama ajali imeshaarifiwa mahali panapohusika. Sikujua kwamba kuna mahali panapohusika.

Baba yake mkubwa alikuja siku ya tatu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kijana wetu alikuwa anakufanyia kazi, au alikuja kwako kutembea?" Nikamwambia tutayamaliza kifamilia. Akaniuliza kidole kinamalizwa kifamilia kwa namna gani. Wiki iliyofuata suala likafika ofisi ya kazi. Wakati ule nilihisi nimesalitiwa. Leo naona mzee yule alifanya jambo ambalo mimi nilipaswa kulifanya siku ile ile ya ajali.

Basi afisa hakubishana nami juu ya kibarua. Aliliacha neno langu lilivyo akaendelea kuuliza. Nani alikuwa anampangia saa ya kufika? Mimi. Msumeno, randa, gundi na misumari ni vya nani? Vyangu. Je, siku akiwa na udhuru angeweza kumleta mtu mwingine ashike nafasi yake? Hapana, nilimtaka yeye. Alikuwa na kazi nyingine? Muda angeupata wapi. Kabati likiuzwa faida inakwenda kwa nani, na likiharibika hasara ni ya nani? Kwangu, na yangu. Alilipwa kwa kazi moja moja au kwa vipindi? Kila Jumamosi. Alipoweka kalamu chini hakuhitaji kunieleza kitu. Nilikuwa nimejieleza mwenyewe.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba maswali ya namna ile yana mizizi mirefu. Mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Pendekezo namba 198 kuhusu uhusiano wa ajira. Linasema kinachotazamwa kwanza ni hali halisi ya kazi na malipo, hata kama pande mbili zimeupa uhusiano wao jina jingine, na hata kama jina hilo limeandikwa kwenye makubaliano. Dalili linazozitaja zilikuwa karakanani kwangu karibu zote: kufuata maelekezo ya mwingine, kufanya kazi mwenyewe na kwa saa zilizopangwa, kutumia vifaa vya anayekupa kazi, kulipwa kwa vipindi, kutegemea malipo hayo kuishi. Ukimwita kibarua, msaidizi, mshirika au ndugu, sheria inamtazama anavyofanya kazi.

Na hilo neno kibarua nimelitafakari sana tangu siku ile. Ni barua ndogo. Wazee wetu walimpa jina hilo mtu wa kazi ya kutwa kwa sababu ya kikaratasi alichopewa, kilichoonyesha siku alizofanya, na kwa kikaratasi hicho alidai ujira wake. Maana yake hata yule wa siku moja alikuwa na maandishi mkononi. Mimi nilichukua jina nikaacha karatasi. Kijana alifanya kazi miezi 14 pasipo hata mstari mmoja wa kumtambulisha kwamba aliwahi kuwa pale.

Kilichofuata ni hesabu, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mimi nilidhani nadaiwa matibabu. Kumbe matibabu yalikuwa mwanzo tu. Zikaja saa za ziada za usiku ule tuliokesha. Kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kiliwekwa na mkataba wa kwanza kabisa wa ILO, mwaka 1919, kwa kazi za viwandani, na mwaka 1921 ukafuata ule wa saa 24 za mapumziko mfululizo katika kila siku 7. Nchi nyingi zina vikomo vya aina hiyo ndani ya sheria zao, nyingine vikali zaidi, na kinachozidi hulipwa kwa kiwango cha juu. Ikaja likizo ya mwaka ambayo hakuwahi kuiona. Siku nilizomwambia akae nyumbani hazikuhesabiwa kuwa likizo, kwa kuwa hakulipwa. Ikaja michango ya hifadhi ya jamii ya miezi yote ile. Mwisho ikaja fidia ya kidole.

Nilipojaribu kupinga saa za ziada, afisa aliniomba daftari la mahudhurio. Sikuwa nalo. Akaomba kumbukumbu za malipo. Sikuwa nazo. Kijana alikuwa na kidaftari chake kidogo cha shule, ameandika kwa penseli siku alizochelewa kutoka. Hakukiandika kwa nia ya kunishitaki. Alikuwa anapiga hesabu ya kodi ya chumba. Basi kidaftari kile kikawa ndiyo ushahidi pekee mezani. Mwenye wajibu wa kuweka kumbukumbu ni mwajiri, na asipokuwa nazo, za mfanyakazi ndizo zinazosikilizwa. Niseme kweli: alichoandika kilikuwa sahihi. Kumbukumbu zake zilikuwa bora kuliko zangu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anachoka.

Kuhusu fidia, nilikuwa nimekata bima ya moto kwa ajili ya karakana. Mashine zilikuwa zimekingwa, mbao zimekingwa, hata paa. Mkono uliokuwa unaziendesha mashine haukuwa umekingwa na kitu. Na mpango wa kuukinga upo tangu zamani. Ujerumani iliweka sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884: waajiri wanachangia, na mfanyakazi akiumia analipwa bila kulazimika kwanza kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Nchi nyingi zikafuata kwa njia zake, nyingine kwa mfuko wa serikali, nyingine kwa kumlazimu mwajiri akate bima. Kwa mwajiri mdogo mchango wenyewe ukilinganishwa na ajali moja tu ni kitu kidogo sana. Ningekuwa nimemwandikisha, mfuko ungebeba sehemu kubwa. Kwa kuwa sikumwandikisha, nilibeba yote, nikauza mashine moja. Na yeye, hili ndilo linaloniuma, alingoja miezi akilipwa kidogo kidogo kadiri nilivyopata, ilhali angeweza kulipwa kwa wakati.

Kinga ya msumeno niliirudisha jioni ile ile niliyotoka hospitali. Ilinichukua dakika kama kumi.

Jambo jingine nililolijua hapo ni kwamba barakoa na miwani si mzigo wa mfanyakazi. Mimi nilikuwa nawaambia vijana wajinunulie, na asiyejinunulia namwona mzembe. Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya kazini hazipaswi kumgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 ILO ikaweka mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki za msingi kabisa za kazi, pamoja na kukataza kazi za kulazimishwa na ajira ya watoto. Vumbi la mbao linajulikana kuwa linasababisha saratani ya pua, na mimi nimelipumua miaka yote nikilifagia kama uchafu wa kawaida. Kumnunulia mtu barakoa ni wajibu. Kumwonyesha namna ya kuivaa na kuhakikisha anaivaa pia ni wajibu, na huo wa pili ndio mgumu, maana unataka uwepo kila siku.

Baada ya kesi ile niliajiri upya, safari hii watu watatu, kwa maandishi. Nilidhani nimeshafuzu. Kumbe nilikuwa bado sijajaribiwa na fedha.

Ukishakuwa mwajiri unakata fedha kwenye mshahara wa mtu: kodi ya mapato yake, na sehemu yake ya mchango wa hifadhi ya jamii. Unaongeza na sehemu yako, unapeleka kunakohusika kabla ya tarehe ya mwisho. Ilipofika miezi mibaya, wateja hawajalipa na mbao zimepanda, fedha zile zilizokatwa zilikuwa zimekaa benki zikinitazama. Nikazitumia kununulia mbao, nikisema mwezi ujao nitafidia. Mwezi ujao ukawa wa nne. Fundi mmoja alikwenda kuulizia akiba yake, akakuta miezi minne haina kitu, wakati hati zake za mshahara zinaonyesha amekatwa kila mwezi. Alinijia na karatasi zote mbili mkononi. Hakupaza sauti. Aliziweka juu ya benchi, moja kando ya nyingine.

Sikuwa na la kumwambia. Faini ya kuchelewesha nililipa, na ilikuwa kubwa kuliko faida niliyoipata kwenye mbao zile. Lakini faini si kitu. Fedha ile haikuwa yangu hata kidogo. Ilikuwa mshahara wake, aliyoifanyia kazi, nami nimeishika njiani tu kumpelekea. Mwajiri anayekata asipeleke amechukua mali ya mtu, na sheria za nchi nyingi hulitazama kama kosa la jinai, si deni la kawaida. Tangu hapo mishahara na michango inatoka siku moja. Kama fedha haitoshi vyote viwili, basi karakana haina uwezo wa kuajiri watu watatu, na hilo ni bora nilijue mapema.

Na ile tabia yangu ya kukata mikopo kwa kukadiria nayo ilikoma. Mkataba wa ILO namba 95 wa mwaka 1949, wa kulinda mishahara, unaruhusu makato kwa masharti na kwa kiwango kilichowekwa na sheria au makubaliano halali ya pamoja, na unataka mfanyakazi aarifiwe. Kuvunja kioo cha kabati hakumpi mwajiri ruhusa ya kumaliza mshahara wa aliyevunja. Nilikuwa nafanya hivyo. Niliwahi kumlipa mtu nusu kwa sababu ya kioo.

Kosa la tatu lilihusu kumfukuza mtu. Bawaba na vitasa vilikuwa vinapotea stoo, na aliyekuwa na ufunguo ni mmoja. Usiku nikampigia simu nikamwambia asije kesho. Nilikuwa na hakika. Kwenye usuluhishi niliulizwa mambo machache: nilimwandikia tuhuma? Nilimpa nafasi ya kujieleza, akiwa na mwenzake wa kumsaidia akitaka? Nilihesabu stoo mbele yake? Yote hapana. Mkataba wa ILO namba 158 wa mwaka 1982 unataka sababu halali, iwe ya uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji, na unataka asikilizwe kabla ya kuachishwa kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake. Hata nchi ambazo hazijauridhia, nyingi zina masharti ya kufanana nayo. Nilishindwa. Nikalipa. Mpaka leo sina hakika kama alichukua vitasa vile, na sababu ya kutokuwa na hakika ni mimi, kwa kuwa sikumpa nafasi ya kusema. Kama hakuchukua, nilimpa mtu jina la wizi mbele ya watu wanaomfahamu. Hilo halikulipwa na fidia yoyote.

Kuna mambo niliyafanya sawa, nayo yalikuja baada ya kuuliza kwanza. Mama mmoja aliyekuwa anatushonea foronya za makochi alipopata ujauzito, nilikwenda ofisi ya kazi kabla sijasema neno. Nikaelezwa likizo yake, malipo yake yatatoka wapi, na kwamba nafasi yake inamngoja. Kiwango cha ILO, kwenye Mkataba namba 183 wa mwaka 2000, ni likizo isiyopungua wiki 14, na anaporudi anarudi kwenye kazi ile ile au inayolingana nayo kwa malipo yale yale. Kila nchi ina hesabu yake. Nilipata mtu wa kushika nafasi kwa muda, kwa mkataba ulioandika wazi kwamba ni wa muda na kwa nini.

Na mzazi mmoja aliniletea mtoto wa miaka 14 ajifunze ufundi. Nilimrudisha shule, na mzazi alinikasirikia. Umri wa chini wa kuanza kazi katika Mkataba namba 138 wa mwaka 1973 kwa kawaida ni miaka 15, na kwa kazi za hatari ni 18. Msumeno wa mashine ni kazi ya hatari. Kwangu mimi hilo halina mazungumzo, nimeshaona kidole.

Watu wananiuliza siku hizi mkataba wangu ni wa kurasa ngapi, wakidhani nimeandikiwa na wakili. Ni mbili. Jina lake na langu, tarehe ya kuanza, kazi atakayofanya na mahali, mshahara na siku ya kulipwa, saa za kazi na siku ya mapumziko, likizo, muda wa majaribio kama upo, na notisi ya kuachana kwa pande zote mbili. Nakala moja anakwenda nayo nyumbani. Niliuonyesha ofisi ya kazi wakanisahihishia sehemu mbili, bure. Mwajiri mdogo huogopa kuingia ofisi ile akidhani anakwenda kujichongea. Mimi nimeingia pale nikiwa mlalamikiwa na nimeingia nikiwa muulizaji, na najua ni lini nilitoka nikiwa na amani. Nenda kabla hujaajiri. Uliza kima cha chini cha mshahara katika kazi yako, uliza unajiandikisha wapi na ndani ya siku ngapi, uliza ajali inaarifiwa kwa nani.

Usitegemee hata hivyo kwamba karatasi itakufanyia kazi yote. Niliwahi kuandika kwenye mkataba kwamba mfanyakazi ameridhia kulipwa fedha badala ya kwenda likizo. Alisaini, na alifurahi kupata fedha. Nikaambiwa kipengele kile hakina nguvu, kwa kuwa haki ya likizo hainunuliwi, hata mwenyewe akikubali. Kuna vitu mfanyakazi hawezi kuviacha kwa saini yake, na vimewekwa hivyo kwa sababu anayehitaji kazi husaini chochote. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana ningesaini.

Kijana wangu alirudi kazini mwaka uliofuata. Sikutarajia. Alisema hajui kazi nyingine anayoipenda, ila safari hii anataka kila kitu kiandikwe, na kinga isitoke kwenye msumeno. Leo yeye ndiye msimamizi wa mashine, na daftari la mahudhurio linakaa kwake.

Mwezi uliopita tulimpokea mtu mpya, kijana wa mtaa ule ule anakotoka msimamizi wangu. Nilipomletea kurasa mbili alicheka kidogo kwa aibu, akasema, "Kaka, karatasi za nini tena, sisi si ndugu?" Sikujibu. Mwenzake alikuwa amesimama kando yake, akasogeza kalamu kwa mkono wa kushoto, akaweka kile kidole kifupi juu ya mstari wa kwanza.

"Anzia hapa," alimwambia. "Andika tarehe ya leo."